Miji bora, lakini kwa nani?

Mhariri,

Kila orodha ya miji bora ya kuishi duniani ikitoka, tunaona aibu bure. Ile ya Economist Intelligence Unit, kitengo cha utafiti cha kundi la jarida la The Economist, hupima miji 173 kwa alama hizi: utulivu asilimia 25, utamaduni na mazingira 25, afya 20, miundombinu 20, elimu 10. Kodi ya nyumba na bei ya unga hazimo! Makampuni huitumia orodha hiyo kukadiria posho za wafanyakazi wanaohamishiwa nje. Vienna, mji mkuu wa Austria, iliongoza 2022 hadi 2024. Karibu nusu ya wakazi wake wanaishi nyumba za manispaa au za ruzuku, na unafuu huo haupewi alama. Mama ntilie wa mtaani kwetu huamka saa kumi alfajiri kujaza madumu ya maji. Naomba naye aulizwe.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam