Kauntabuku la dagaa: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Jana usiku mama yako alinipa simu nisikilize jumbe zako za sauti. Nilizihesabu: kumi na moja, na ya mwisho uliituma saa saba kasoro, saa ambayo watu wa Dodoma na wa Mwanza wote wanapaswa kuwa wamelala. Swali lenyewe: huko Dodoma upange chumba cha Nkuhungu au cha Ipagala. Cha Nkuhungu kina maji ndani ila jikoni giza. Cha Ipagala kina mwanga, lakini choo ni cha kushirikiana. Halafu ukarudi Nkuhungu. Halafu ukauliza pazia liwe la bluu au la rangi ya maziwa, na chumba chenyewe bado hujapata. Mama yako alicheka hadi akajifuta machozi kwa khanga, akasema, "Huyu ni wako. Mjibu wewe."

Hakukosea. Ndiyo maana nakuandikia kwenye karatasi. Nikikutumia sauti utanirudishia kumi na moja nyingine.

Mwaka niliostaafu ualimu wewe ulikuwa chuoni, kwa hiyo hadithi hii hujaipata yote, na mama yako kwa huruma yake huwa anaifupisha. Yeye alikuwa na miaka mingi kwenye dagaa. Mimi nikasema, chaki nimeiweka chini, ngoja nimsaidie mwenzangu. Nikanunua kauntabuku la kwaya tatu, nikalichora safu kwa rula: bei ya ndoo, mawingu, upepo, umri wa mwezi, mitumbwi iliyoingia, faida ya wiki iliyopita. Nilijiona mtaalamu kabla sijashika hata dagaa mmoja.

Asubuhi ya kwanza tulikwenda Igombe, tukafika mwaloni saa kumi na moja alfajiri. Giza lilikuwa limeingia, yaani zile siku ambazo mwezi haupo na wavuvi wa dagaa wako kazini. Mbalamwezi ikiwaka wao hupumzika, kwa kuwa taa haina nguvu mbele yake. Mitumbwi ikaanza kuja mmoja mmoja na kina mama wakaingia majini hadi magotini, ndoo mkononi. Bei inapatana palepale ndani ya maji. Mimi nilibaki mchangani nikiandika.

Mama yako namna yake ni hii. Anachota dagaa kiganja kimoja, ananusa, kisha anawaacha wateleze katikati ya vidole huku akitazama wanavyong'aa na kama matumbo yao ni mazima. Pumzi mbili tu. Anasema, "Tia hapa," na ndoo yake inajaa. Siku ile alichukua sita. Mimi nilipoinua kichwa kutoka kwenye kauntabuku, kilichobaki ni mzigo wa mtumbwi wa mwisho, dagaa waliolegea na matumbo yamepasuka. Nikanunua ndoo nne, tena kwa fahari, maana hesabu zangu zilionyesha kwamba inalipa. Walipokauka vichwa vilikatika wakabaki chengachenga.

Njiani nikamuuliza: ulijuaje kama mtumbwi unaofuata haukuwa na wazuri zaidi?

"Sikujua," akasema. "Lakini jua lilikuwa linatoka."

Ilinichukua miezi kuelewa jibu hilo. Dagaa aliyeanikwa mapema na jua likawaka, jioni unamkusanya. Aliyeanikwa saa nne hulala na unyevu. Saa ambazo mimi nilizitumia kutafuta ndoo bora kuliko zote, yeye alizitumia kuwageuza dagaa wake wa kawaida, na jioni wakawa bora kuliko wangu. Nadhani hapo ndipo mimi na wewe tunapopotelea. Tunadhani kazi yote iko kwenye kuchagua. Kumbe chumba hakiwi kizuri siku unapompa dalali jibu. Kinakuwa kizuri ukishafagia, ukaweka balbu yenye nguvu jikoni, ukajuana na jirani anayeamka mapema.

Usidhani mama yako hakosei. Kuna siku moja ya Machi (na wewe una jina la mvua, kwa hiyo utanielewa) alichukua ndoo kumi na tano. Asubuhi anga ilikuwa nyeupe. Kufika saa sita wingu likapanda kutoka ziwani, jeusi kama sufuria ya kuni, na kabla hatujamaliza kuvuta maturubai mvua ikawa imeshawapata. Kesho yake jua halikutoka kabisa. Dagaa wakaanza kunuka. Tukawauza kwa watu wa chakula cha kuku, kwa bei ambayo sitaiandika hapa.

Nilikaa nje kwenye kigoda usiku mzima karibu. Kama tungechukua ndoo tano. Kama tungeanika juu ya vichanja badala ya mchangani. Kama ningesema neno asubuhi, maana mimi nililiona lile wingu dogo upande wa Ukerewe. (Sikuliona. Nililiona baadaye, kwenye mawazo.) Mama yako alikuwa ndani anasonga ugali. Nikamuuliza kama hakuumia.

"Imeniuma. Ila nilijua toka asubuhi kwamba wakinyeshewa, wenye kuku wapo."

Mwanangu, rudia sentensi hiyo. Alikuwa ameshaitazama hasara usoni kabla ya kutoa hela, akaona ni ya kubebeka. Ndiyo maana ilipokuja haikumkuta mgeni. Saa kumi na moja alfajiri iliyofuata alikuwa mwaloni. Kilichobadilika ni kwamba baada ya wiki mbili tulichonga vichanja.

Sasa chukua Ipagala yako. Kikiwa kibaya kuliko vyote unavyowaza, itakuwaje? Utavumilia hiyo kodi ya miezi sita utakayokuwa umetanguliza, utalalamika kuhusu choo, kisha utahama. Hao ndio wenye kuku wako. Lakini wewe umekipima chumba cha kupanga kama mtu anayechagua kaburi.

Sisemi kila kitu kiamuliwe kwa pumzi mbili. Wewe ulikuwa hujazaliwa tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza. Mamia ya watu walikufa, na jiji hili lilinyamaza kwa namna ambayo sijaisikia tena. Tangu hapo mama yako, tukienda Ukerewe, ana sheria moja: akiona chombo kimejaa hadi watu wanabanana mlangoni, anashuka, hata kama tiketi ameshakata, hata kama kuna msiba unasubiri. Habishani na mtu. Aliwaza jambo hilo mara moja, kwa uzito wake, akaliwekea sheria, na leo akifika gatini hana cha kuwaza. Mambo yasiyo na wenye kuku yapo, na hayo yape siku zake. Ndoa, mkopo, kuacha kazi. Pazia halimo.

Mimi mwenyewe sijapona, usidanganyike. Unajua jinsi nilivyokuwa nikienda Sengerema. Nilikuwa nasimama mlangoni na begi nikipima: nivukie Kamanga, au nizunguke hadi Kigongo? Kamanga ni karibu, lakini kivuko kikishaondoka unasubiri. Kigongo kuna foleni ya malori. Robo saa, nusu saa, kisha nikakuta nimechelewa kote kuwili. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa, karibu kilomita 3 juu ya maji, magari yanapita bila kusubiri mtu. Nikasema Mungu mkubwa, swali limekufa. Safari ya kwanza mama yako alinikuta nimesimama palepale mlangoni na begi lilelile. Nilikuwa nawaza kama abiria wa Kamanga sasa wamepungua, na kama wamepungua, huenda kivuko ndicho rahisi.

Kuna Mmarekani mmoja, Herbert Simon, alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978. Alieleza kwamba mtu katika maisha halisi hawezi kupima njia zote zilizopo, kwa hiyo hujiwekea kiwango, kisha huchukua cha kwanza kinachofikia kiwango hicho na kuendelea na safari. Nilimsomea mama yako habari hiyo kwa sauti, nikadhani nitamshangaza. Akaniuliza, "Na yeye alikuwa anauza dagaa?"

Basi fanya hivi, kwa kuwa umeniuliza. Andika mambo matatu ambayo chumba kikiyakosa hutaweza kuishi humo. Matatu, siyo kumi na saba. Mama yako ana harufu, mng'ao na tumbo. Chumba cha kwanza chenye hayo matatu, mpe dalali hela siku hiyohiyo na futa namba za madalali wengine. Hili la mwisho usiliruke, maana najua utaendelea kutazama picha za vyumba vya watu ukiwa umeshahamia. Na acha kuuliza kila mtu. Umemuuliza shangazi, umemuuliza mwenzako wa ofisini, umemuuliza hadi yule kijana wa bodaboda. Kila mmoja anakupa chumba anachokitaka yeye. Watu wa pwani husema mchagua nazi hupata koroma. Huku kwetu minazi hatuna, lakini chengachenga za dagaa wangu unazikumbuka.

Na usiamue kitu usiku. Umeona taa za dagaa zinavyoonekana ukiwa kilimani Bugando, ziwa zima kama mji mwingine. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za betri na sola, lakini kazi ni ileile: taa inaelea, dagaa wanaiona, wanakusanyika, na kadiri unavyoiacha iwake ndivyo wanavyozidi kuja. Saa saba kasoro kichwa chako ni taa hiyo. Kila wazo lililokuwa chini linapanda kuja kutazama. Izime. Asubuhi utakuta yamebaki mawili matatu, na hayo yanahesabika. Kama usingizi wenyewe unakataa wiki baada ya wiki, hata pale pasipo na chumba wala pazia la kuwaza, hilo limeshapita barua ya baba. Nenda hospitali ukazungumze na daktari, na wala usione aibu.

Kuhusu bluu au maziwa: sijui, na sitajibu.

Kwenye mfuko huu kuna michembe ya viazi, kuna dagaa kilo mbili waliokaushwa kwenye vichanja, na chupa ya samli ambayo nimeifunga mara tatu. Basi linatoka Nyegezi asubuhi hii, kwa hiyo jioni ukamuulize kondakta pale Nanenane. Nilitaka kwanza nizunguke ofisi za mabasi nione lipi lina kondakta mwaminifu zaidi, lakini mama yako ameshalipia la kwanza aliloliona. Nilitaka pia kuinakili upya barua hii, kwa kuwa ile sehemu ya MV Bukoba sina hakika kama ilipaswa kuja kabla ya mvua au baada, na mwandiko wangu umeharibika tangu nistaafu. Amesimama juu yangu na kamba ya kufungia mfuko, ananyoosha mkono anataka

Baba yako