Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Watumia Maji wa Mfereji Wetu, Usangu

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina, sitazigusa. Langu ni moja, nalo limenikera tangu kiangazi: tuliokoa maji shambani, na mtoni hayakuonekana.

Msimu uliopita wengi wetu tulijaribu kilimo shadidi cha mpunga, kinachotumia maji machache. Mche mmoja kwa shimo, nafasi ya sentimita 25 kwa 25, miche inatoka kitaluni ikiwa na siku kama kumi, na jaruba linaachwa likauke kidogo kabla ya kuingiziwa maji tena. Wazee walicheka, wakasema huo si mpunga, ni mahindi. Machipukizi yalipojaa shinani kicheko kikaisha. Ila palizi ilitutoa jasho: jaruba lisilotuamisha maji huota magugu upesi, na vibarua walikula sehemu ya faida. Anayetaka kuanza alijue hilo mapema.

Maji yaliyobaki yalikwenda wapi? Tulipanua majaruba. Mimi mwenyewe nililima ekari mpya mkiani mwa mfereji, kwa hiyo simnyoshei mtu kidole. Kila mmoja kwa mfuko wake alipiga hesabu sawasawa. Aliyepata hasara ni mto.

Mto Ruaha Mkuu ulianza kukatika kiangazi mwaka 1993. Chini yetu kuna ardhi oevu ya Ihefu, kuna wanyama wa Hifadhi ya Ruaha, kuna mitambo ya umeme ya Mtera ya megawati 80 na ya Kidatu ya megawati 204, yote ikingoja maji yaleyale. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati ule, Frederick Sumaye, aliahidi kwamba ifikapo 2010 mto utatiririka mwaka mzima. Mwaka huo ulipita, na mto bado ulikauka.

Lawama zote tumebebeshwa wakulima, lakini tazameni banio, kile kizuizi cha mtoni kinachoingiza maji mferejini. La zamani, la magogo, mawe na majani, lilikuwa linavuja, na kule kuvuja ndiko kulikokuwa fungu la watu wa chini. La zege halivuji. Kiangazi mto ukipungua, tukiacha lango la mfereji wazi, karibu mto wote unaingia kwetu. Tulijengewa kitu kizuri bila kuambiwa kwamba mwenye kulinda fungu la jirani sasa ni sisi.

Ada nayo haisaidii. Sheria Na. 11 ya mwaka 2009 inatutaka tuwe na kibali cha kutumia maji na tukilipie, nasi tunalipa. Lakini humu ndani tunagawana ada kwa ekari. Anayeacha maji yakimbie usiku kucha analipa sawa na anayefunga kijilango chake kabla ya kwenda kulala. Tena tangu tuanze kulipa nasikia neno jipya: "Nimelipia, yaache yaende!" Kibali kinataja kiwango, hakisemi lazima tukimalize.

Kwa hiyo kamati inaleta mapendekezo mawili myapigie kura. Kwanza, ada ya ndani itozwe kwa saa za zamu, si kwa ekari. Wenye mashamba ya mkiani, ambao maji huwafikia yamechoka, wahesabiwe tangu maji yanapoingia shambani kwao, si tangu lango linapofunguliwa. Pili, baada ya mavuno lango lifungwe.

Kwa hilo la pili nilitaka lifungwe kabisa, akina mama wa kitongoji cha chini wakanirekebisha mbele ya kamati: mfereji ndio kisima chao. Ndoo chache zinahitajika, lakini ili zifike mkiani tunaachia maji mengi yanayonywewa na udongo njiani. Kisima kirefu kingegharimu, ila kingerudisha mtoni maji mengi kuliko semina zote tulizohudhuria. Mpaka kipatikane, lango litafunguliwa siku mbili kwa wiki.

Ekari yangu mpya sitailima msimu ujao.

Kusafisha mfereji ni Jumamosi baada ya mkutano, kuanzia banioni. Kila mwenye jaruba aje na beleshi lake. Ya jumuiya mawili yamevunjika mpini.