Kabla ya kumshtaki mzazi, aulizwe sababu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala kuhusu sheria zinazowalazimisha watoto kuhudhuria shule, mjadala ambao kila unapoibuka huishia kwenye swali la adhabu: mzazi wa mtoto mtoro atozwe faini, afungwe, au aonywe tu. Nimefundisha kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa mwalimu wa darasa, kwa hiyo naandika kama mtu aliyeshika daftari la mahudhurio, akaita majina kila asubuhi, na akaandika barua za utoro ambazo baadhi yake anajuta hadi leo.

Moja kati ya barua hizo sijaisahau. Tulikuwa na msichana wa darasa la tano ambaye mstari wake katika daftari ulikuwa na msalaba kila Jumanne na kila Ijumaa, karibu muhula mzima. Siku zilipofikia idadi iliyotakiwa, nilichukua fomu, nikajaza jina la mtoto, jina la mzazi, jumla ya siku na kifungu cha sheria, mwalimu mkuu akapiga muhuri, na barua ikapelekwa nyumbani na mtoto mwenyewe kama tulivyozoea. Mama yake alikuja kesho yake asubuhi, akaketi kwenye ncha ya kiti, barua ameikunja mara nne kiganjani. Nilimuuliza kama ameelewa kilichoandikwa, akajibu, “Mwalimu, nimesomewa.” Aliyemsomea ni yule yule binti mtoro, kwa kuwa mama hakujua kusoma, na alikuwa amemsomea yote bila kuruka, pamoja na neno “ukaidi” na neno “kifungo”. Siku hizo mbili mama alikuwa na zamu ya kazi tangu alfajiri, na nyumbani palikuwa na babu aliyepooza upande mmoja ambaye hakuweza kuachwa peke yake; siku nyingine jirani alimwangalia, lakini Jumanne na Ijumaa jirani naye alishinda kazini. Misalaba ile iliyojipanga vile ilikuwa ikinieleza jambo tangu juma la pili, nami nilikuwa naihesabu tu.

Ufumbuzi wenyewe haukuhitaji hakimu. Mwajiri alipoandikiwa na mwalimu mkuu akambadilishia mama zamu ya Ijumaa, na kwa Jumanne akapatikana shangazi wa mtoto. Yote hayo yangewezekana miezi miwili mapema kama fomu ile ingekuwa na mahali pa kuandika sababu, au kama mimi ningekuwa na akili ya kuuliza bila kusubiri fomu.

Nisieleweke vibaya. Siipingi sheria ya mahudhurio ya lazima, na wale wanaoiona kuwa ni serikali kujipenyeza katika nyumba za watu wanasahau kwamba ndani ya nyumba hizo hizo kuna watu wenye nguvu na watu wasio nayo. Nimewaona akina mama waliotumia sheria hii kama ngao: mjomba anapotaka binti aache shule akafanye kazi, au wazee wanapozungumzia posa kabla ya wakati, mama asiye na sauti katika kikao hicho huweza kusema kwamba yeye hana neno, ila serikali itamfunga, na kikao kikaishia hapo. Sheria hii pia ndiyo nguzo iliyoegemewa na vita dhidi ya ajira ya watoto. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaelekeza kwamba umri wa chini wa kuajiriwa usiwe pungufu ya umri wa kumaliza elimu ya lazima, na kwa vyovyote usiwe chini ya miaka 15, isipokuwa kwa nchi ambazo uchumi na huduma za elimu hazijakua vya kutosha, ambazo ziliruhusiwa kuanza na miaka 14. Pale ambapo hakuna umri wa lazima wa kusoma, mwajiri wa mtoto wa miaka 11 hujitetea kirahisi kwamba amemsaidia mtoto asizurure.

Kinachonishangaza ni kwamba baadhi ya watunga sheria wa zamani waliwaza kuuliza sababu kuliko sisi. Prussia, ufalme wa zamani wa Kijerumani, iliagiza watoto wa vijijini wapelekwe shule kwa amri ya Mfalme Frederick wa Pili ya mwaka 1763, na amri hiyo ilikuja na faini. Sheria ya Massachusetts ya mwaka 1852, ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake katika majimbo ya Marekani, nayo ilikuwa na faini, hadi dola 20 kwa mzazi, ingawa ilidai kidogo sana kwa macho ya leo: watoto wa miaka 8 hadi 14 wahudhurie angalau wiki 12 kwa mwaka, 6 kati ya hizo mfululizo. Lakini sheria hiyo hiyo iliipa kamati ya shule wajibu wa kuchunguza kila tukio la kuivunja, kumuuliza mhusika sababu zake, na kuziweka sababu hizo katika ripoti ya mwaka ili wakazi wote wazijue. Tena ilisema kwamba mzazi aliyeshindwa kwa ajili ya umaskini asihesabiwe kuwa ametenda kosa.

Msamaha huo wa umaskini ulikuwa na ubaya wake, sina budi kukiri, maana uliwaacha nje watoto wale wale waliohitaji shule kuliko wengine. Kumruhusu maskini asisome ni kumhurumia kwa njia inayomdhuru. Njia iliyo sawa ni kuondoa gharama kwanza, kisha ndipo kulazimisha, na hapa mpangilio wa hatua una uzito kuliko wengi tunavyodhani. Ufaransa chini ya waziri wake wa elimu, Jules Ferry, ilifuta ada ya shule za msingi za umma mwaka 1881, na mwaka uliofuata ndipo ikafanya elimu hiyo kuwa ya lazima kwa watoto wa miaka 6 hadi 13. Uingereza ilikwenda kinyume: mahudhurio yalifanywa ya lazima mwaka 1880, na ada katika sehemu kubwa ya shule za msingi ikaondolewa mwaka 1891. Kwa miaka 11 hivi, mzazi wa Kiingereza aliweza kufikishwa mbele ya hakimu kwa kutompeleka mtoto mahali ambapo angedaiwa ada kila juma.

Hata karibu nasi ushahidi upo. Kenya ilipofuta ada ya shule za msingi mwaka 2003, watoto zaidi ya milioni moja wa nyongeza walijitokeza kuandikishwa, na Uganda ilipofanya vivyo hivyo mwaka 1997 madarasa yalifurika hata wengine wakasomea chini ya miti. Hawakuletwa na polisi. Wazazi walewale waliokuwa wakiitwa wazembe ndio waliowashika watoto mkono alfajiri na kupanga foleni. Na ikumbukwe kwamba ada ikiondoka hubaki sare, madaftari, nauli, na ile michango ambayo haiitwi ada lakini mtoto asiyeilipa hurudishwa nyumbani. Shule inayomrudisha mtoto kwa mchango leo, kisha ikamwandikia mzazi wake barua ya utoro mwisho wa mwezi, inamshtaki mtu kwa kosa ililolitenda yenyewe.

Zipo pia familia ambazo shida yao haihusiani na fedha. Wapo wazazi wanaotaka kuwafundisha watoto wao nyumbani, na hao nitawapitia kwa ufupi kwa sababu kelele zao ni kubwa kuliko idadi yao. Sheria ya elimu ya Uingereza ya mwaka 1944 ilimtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayomfaa kwa kuhudhuria shule kwa ukawaida “au vinginevyo”, na maneno hayo mawili ndiyo mlango unaopitiwa na wanaosomesha nyumbani hadi sasa. Ujerumani haina mlango huo, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikubali msimamo wake katika uamuzi wa mwaka 2006. Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1925 kwamba jimbo la Oregon haliwezi kuwalazimisha wazazi wote kutumia shule za serikali peke yake, na mwaka 1972 ikawaruhusu Waamishi wa jimbo la Wisconsin, jamii ya Wakristo wanaojitenga na maisha ya kisasa, watoto wao wasiendelee na shule baada ya darasa la nane. Binafsi sina ugomvi na mzazi anayesomesha nyumbani, mradi awepo mtu wa nje anayemwona mtoto huyo mara kwa mara na kupima anachokijua. Ibara ya 26 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inasema kwamba elimu ya msingi itakuwa ya lazima, na ibara hiyo hiyo inampa mzazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya mwanawe. Walioiandika waliona kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa meza moja.

Linalonigusa zaidi ni jinsi neno dogo la sheria linavyoweza kubadilisha maisha ya nyumba nzima. Mwezi Aprili 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ililazimika kufafanua maana ya kuhudhuria “kwa ukawaida”, katika kesi ya baba wa Kisiwa cha Wight aliyemchukua binti yake likizo ya siku 7 katikati ya muhula bila ruhusa ya shule. Mahakama za chini zilikuwa zimetazama mahudhurio ya jumla ya mtoto, yaliyozidi asilimia 90, zikaona hana hatia. Mahakama ya Juu ikasema “kwa ukawaida” maana yake ni kwa kufuata kanuni za shule, siyo mara nyingi vya kutosha. Kwa tafsiri hiyo, hata kutokuwepo kwa siku moja bila ruhusa kunaweza kuwa kosa. Naelewa hoja ya mahakama, kwa kuwa mwalimu hawezi kuendesha darasa ambalo kila mzazi amejipangia kalenda yake. Lakini sheria inapokazwa hivyo, mzigo wote unahamia kwenye maneno mengine, yale yanayozungumzia sababu ya msingi, na nani mwenye mamlaka ya kusema ipi ni ya msingi na ipi siyo. Baba wa likizo alikuwa na mawakili. Mama wa barua iliyokunjwa mara nne alikuwa na binti wa kumsomea.

Tukikataa kuuliza, tunaweza kufika mahali pabaya sana. Mwaka 2014, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, mama mmoja alifariki akiwa jela, alikokuwa akitumikia kifungo cha siku 2 kwa kushindwa kulipa faini zilizotokana na utoro wa watoto wake. Jimbo hilo lilibadilisha sheria yake mwaka 2016, na sasa shule inapaswa kwanza kuialika familia kwenye kikao cha kutafuta chanzo cha utoro na kupanga namna ya kuumaliza, kabla ya kumpeleka mtu mbele ya hakimu. Ilichukua miaka zaidi ya 160 na kifo cha mtu kurudi kwenye jambo ambalo kamati za shule za Massachusetts ziliagizwa kulifanya mwaka 1852.

Kuna walimu wenzangu watakaosema kwamba kuuliza sababu ni kuwafungulia mlango waongo, na kwamba wapo wazazi wasiojali kabisa. Ni kweli wapo. Nimekutana na baba aliyeniambia bila aibu kwamba mwanawe alikuwa akimsaidia dukani na kwamba kusoma kungemharibu, na huyo alistahili kupelekwa mbele. Ila nilimjua kwa kumuuliza. Daftari pekee lisingeweza kunionyesha tofauti kati yake na yule mama, maana msalaba wa mtoto anayetumikishwa na msalaba wa mtoto anayemlinda babu yake huandikwa kwa kalamu ile ile.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye mamlaka ya elimu ni dogo na halina gharama. Katika fomu ya utoro, juu ya mstari wa kifungu cha sheria, iongezwe mistari mitatu mitupu yenye kichwa “Sababu aliyoitoa mzazi au mlezi”, na fomu isipigwe muhuri kabla mistari hiyo haijajazwa na mtu aliyezungumza na mzazi huyo ana kwa ana. Na barua isipelekwe na mtoto.

Wako,
Mwalimu mstaafu