Hicho kidonge cha njano

Manyoni, Agosti

Mwanangu Elia,

Mbukwa. Huku hatujambo, mguu wa mama yako umepungua uvimbe, ila upepo mwaka huu umekuja na vumbi hata kwenye mtungi wa maji.

Nakuandikia kwa sababu ya ile Jumapili. Ulikaa chini ya mwarobaini, ugali umetengwa, mlenda bado wa moto, nawe tonge liko mkononi na kichwa kimeangukia begani. Mama yako akacheka, akasema boda inamchosha mtoto. Mimi asubuhi nilikuona ukichomoa kile kibahasha mfukoni: vidonge vidogo vya njano, juu pameandikwa 1x3 kwa kalamu ya bluu, basi. Jina la dawa hakuna, tarehe ya kuisha hakuna. Nikakuuliza, ukasema, "Piriton tu hiyo, baba, ya mafua ya vumbi." Jioni ukawasha pikipiki ukarudi Dodoma. Sikulala mpaka uliponipigia kwamba umefika.

Hiyo "tu" ndiyo iliyonikaa moyoni. Najua ilikotoka, maana sisi wazazi wenu ndio tuliowarithisha. Enzi za klorokwini, kabla haijaondolewa mwaka 2001, mtu akitibiwa malaria alikuwa anawashwa mwili mzima usiku kucha, anajikuna mpaka damu. Hospitali walikuwa wanatupa klorokwini na Piriton pamoja. Tukaizoea kama chumvi ya jikoni.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata mama yako nilimsimulia nusu. Nilipokuwa naendesha Fuso, nilipakia alizeti Singida kwenda Dodoma. Nilikuwa na mafua, nikanunua vidonge vya mafua vya mchanganyiko nikameza viwili. Mwili ukawa unaniwasha kwa vumbi la magunia, nikaongeza Piriton. Tumepita Kintinku, jua kali, barabara nyoofu. Nilichosikia ni tingo anapiga kelele, na miiba inakwaruza kioo. Gari lilikuwa limeshaingia porini. Tulipona, lakini gunia kumi na mbili zilimwagika. Baadaye daktari akanisomea maandishi ya nyuma ya ile pakiti ya mafua: ndani yake mlikuwa na klorofeniramini, ambayo ndiyo hiyo hiyo Piriton. Nilikuwa nimemeza dawa moja mara mbili bila kujua. Kwa hiyo kabla hujachanganya, soma kilichomo ndani, usiangalie jina la juu.

Dawa hiyo inafika mpaka kwenye ubongo, ndiyo maana inalaza. Na usingizi wake ni mjanja: unaweza kujiona uko macho kabisa, kumbe mkono umechelewa kushika breki. Kidonge ni miligramu 4, na mtu mzima hapaswi kuzidisha sita kwa siku nzima, tena kwa kuachanisha saa nne hadi sita. Ukiimeza, funguo zikae ndani. Ukinywa divai juu yake, au tramado, ile dawa kali ya maumivu ambayo nasikia vijana wa kijiweni wanatafuna, hapo unazidisha usingizi juu ya usingizi. Tramado sitaki hata kuisikia kwako, iwe na Piriton au bila.

Kwa kazi yako kuna setirizini au loratadini. Ni dawa za mzio zile zile ila hazilevyi sana, na kidonge kimoja cha miligramu 10 kinatosha kutwa nzima. Ukiona chafya haijakoma, usiongeze cha pili siku hiyo. Tena setirizini huwa inawalaza baadhi ya watu, kwa hiyo ianze siku ambayo hupandi pikipiki, uone mwili wako unasemaje. Mwambie mfamasia waziwazi kwamba wewe ni dereva wa boda. Na shusha kioo cha helmeti, Elia. Vumbi la Dodoma huwezi kulimaliza kwa vidonge.

Mimi mwenyewe nimekatazwa Piriton tangu nilipopatikana na tezi dume. Mwaka ule niliimeza usiku, nikasimama chooni mpaka jogoo wakawika, mkojo umegoma. Cheka tu, yako inakuja.

Jambo lingine ni nyuki, maana mnapita misituni kufuata asali. Mtu akiumwa nyuki akavimba midomo, akakoroma kifuani au akaishiwa nguvu, msikae mkisubiri Piriton ifanye kazi. Mkimbizeni hospitali achomwe sindano ya adrenalini.

Lililobaki ni la Amani, na hapa sina mzaha. Mama Amani aliniambia, kwa nia njema kabisa, kwamba mtoto akisumbua usiku mnampa dawa ya maji "kidogo ili alale". Mjukuu wangu ana mwaka na nusu. Mwambie mkeo aangalie chupa: ikiwa imeandikwa promethazini, au Phenergan, mtoto wa chini ya miaka miwili hapewi kabisa, inaweza kumzuia kupumua. Hizo nyingine nazo, umri wake bado, mpaka daktari aseme, tena kwa ajili ya ugonjwa. Kulala siyo ugonjwa. Na kijiko cha chai cha nyumbani siyo kipimo, chako na changu havilingani.

Nipigie picha ya hiyo chupa, mbele na nyuma, unirushie leo kwenye simu ya mdogo wako. Mama yako ametuma karanga na mlenda mkavu kwa basi la kesho, linafika stendi ya Nanenane mchana. Kibahasha chako ulikisahau juu ya kabati. Hicho sijakirudisha.

Baba yako