Barua ya malalamiko: kisomea CD kisichoingia kwenye PS5 yangu, na pesa za gemu ambazo hazijatoka

Mwanjelwa,
Mbeya.
12 Januari 2026

Meneja,
Duka la Mashine na Vifaa vya Gemu,
Kariakoo, Dar es Salaam.

YAH: KUREJESHEWA FEDHA ZA KISOMEA CD, PEDI, VOCHA NA ODA ZA GEMU

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi naendesha banda la gemu hapa Mwanjelwa. Katikati ya Novemba mwaka jana niliagiza kwenu kisomea CD cha PS5 (mashine ya gemu ya PlayStation 5), pedi mbili, hadidiski ya nje na vocha ya nyongeza za gemu, yaani vitu vya ziada vya gemu vinavyonunuliwa mtandaoni. Siku hiyohiyo nikalipia oda ya gemu mbili mlizozitangaza kuwa zinaingia Desemba. Fedha yote mliipokea kwa lipa namba kabla mzigo haujapanda basi. Katika vyote hivyo, kilichofanya kazi kama mlivyokieleza ni waya wa kuchajia uliokuja na pedi.

Nianze na kisomea CD, maana ndicho kilichonifanya niwatafute. PS5 yangu ni ile ya mwanzo ya dijitali, toleo lililoingia sokoni mwaka 2020, isiyo na sehemu ya CD. Kwa mtu wa Dar mwenye intaneti ya nyaya ofisini, mashine ya namna hiyo haina shida: gemu unainunua mtandaoni, unaishusha usiku, asubuhi unacheza. Kwangu mimi gemu moja inaweza kupita GB 100, na bando nalinunua kwa simu. Zaidi ya hapo, CD ni mali. Vijana wakishaichoka naipeleka Iringa kwa ndugu yangu mwenye banda kama langu, naye ananiletea ya kwake, au naiuza kwa mtu wa Tukuyu nipate nusu ya bei. Gemu iliyoshushwa kwenye akaunti huwezi kuibadilishana na mtu wala kuiuza. Ndiyo maana nilipoona tangazo lenu, «Geuza PS5 yako ya dijitali iwe ya CD», nilifurahi.

Kabla ya kulipa niliuliza. Mazungumzo yapo Watsapu na nimeyaambatanisha. Niliwatumia picha ya kibandiko cha nyuma ya mashine, namba ya modeli inasomeka vizuri, inaanza na CFI-1 na kuishia na herufi B. Nikauliza kama kifaa kitaingia. Kijana wenu akanijibu: «Inaingia bila shida mkuu, PS5 zote za dijitali.»

Si kweli, na hata haikaribii ukweli. Kisomea CD cha kuchomeka kilikuja pamoja na PS5 ile nyembamba iliyotangazwa Oktoba 2023, zile ambazo modeli yake ni CFI-2000. Kinaingia pia kwenye PS5 Pro iliyotoka Novemba 2024, ambayo nayo inauzwa bila sehemu ya CD. Hakiingii kwenye toleo la 2020 kwa sababu toleo hilo halina pa kukichomeka. Mfuniko wa mashine yangu ni kipande kimoja kizima kila upande. Zile nyembamba zina vipande vinne, na ukibandua cha chini ndipo unapokutana na nafasi ya kifaa na soketi yake. Fundi wa pale Kabwe aliiangalia mashine yangu, akakiangalia kifaa chenu, akacheka. Hakunitoza hata senti, alisema hakuna alichofanya.

Kwa hiyo niliwatumia namba ya modeli, mkaiona, mkaniuzia kifaa kwa shilingi 320,000 huku jibu limeandikwa kwenye boksi la kifaa chenyewe. Sijakifungua zaidi ya kukijaribisha. Hakijawahi kusajiliwa kwenye mashine yoyote, maana kusajiliwa kwake kunahitaji kichomekwe kwanza, kisha mashine iunganishwe na intaneti. Mnaweza kumuuzia mtu mwenye mashine inayofaa kesho asubuhi.

Sasa oda za gemu. Hapa ndipo hasira yangu ilipo, kwa sababu kifaa mngeweza kusema mlichanganya modeli. Hapa hamkuchanganya kitu.

Tangazo lenu la Novemba lilikuwa na picha mbili kubwa, Grand Theft Auto VI na Marvel's Wolverine, na maandishi haya: «ZA PS5 PEKEE. ZINAINGIA DESEMBA 2025. LIPA SASA UPATE YAKO, STOKI NI CHACHE.» Nikalipa 200,000 kwa kila moja. Desemba ikapita. Nilipouliza nikaambiwa mzigo uko bandarini.

Bandari gani, ndugu Meneja? Tarehe 6 Novemba 2025 Rockstar, wanaotengeneza Grand Theft Auto VI, waliitangazia dunia nzima kwamba gemu inasogezwa hadi tarehe 19 Novemba 2026. Na huko ni kusogezwa kwa mara ya pili: awali walisema 2025, mwezi Mei wakahamishia tarehe 26 Mei 2026, kisha wakahamisha tena. Tangazo lenu lilitoka baada ya taarifa hiyo. Vijana wa banda langu, ambao wengine hawajamaliza hata kidato cha nne, walikuwa wanaijua tarehe mpya kabla yenu. Waliniuliza kwa nini nimelipia, nikawaonyesha tangazo la duka kubwa la Kariakoo, wakanyamaza kwa heshima tu.

Hiyo Wolverine nayo ilitajwa kwa mara ya kwanza Septemba 2021. Septemba mwaka jana ndipo ilipoonyeshwa ikichezwa, na waliosema ni watengenezaji wenyewe, Insomniac, kwamba itatoka mwaka huu wa 2026, baada ya katikati ya mwaka. Hakuna CD yake duniani hadi leo ninapoandika. Haiwezi kuwa kwenye kontena lolote, liwe bandarini, liwe baharini.

Halafu hilo neno «pekee». Wolverine kweli imetangazwa kwa PS5. Grand Theft Auto VI imetangazwa kwa PS5 na kwa Xbox Series X na S, mashine za gemu za Microsoft, siku moja, kwa tarehe moja. Haikuwahi kuwa ya PS5 pekee, na hakuna aliyewaambia hivyo. Mlilibandika neno hilo kwa sababu linapandisha bei, na mtu wa Mbeya, Njombe au Sumbawanga akilisoma anaona asipolipa leo hataipata tena.

Nami nawaambia kama mtu anayeishi kwa kazi hii: siku hizi ukuta huo wa gemu za mashine moja pekee umeanza kubomoka wenyewe. Helldivers 2, iliyokuwa ya PS5 na kompyuta, iliingia Xbox Agosti mwaka jana. Forza Horizon 5, ya Microsoft kabisa, inachezwa kwenye PS5 tangu Aprili 2025. Hata Halo, ambayo ndiyo ilikuwa sababu ya watu kununua Xbox zamani, imetangazwa kuja PS5 mwaka huu. Zipo bado za upande mmoja; Ghost of Yōtei iliyotoka Oktoba 2 mwaka jana ni ya PS5, na ndiyo niliyotaka kuicheza kwa CD kama kifaa kingeingia mlivyoniambia. Lakini anayeuza kwa neno «pekee» awe na uhakika gemu kwa gemu. Msipake rangi moja kila kitu kilichopo dukani.

Pedi. Niliagiza «pedi za PS5», mkaleta za PS4 kwenye boksi lisilo na jina. Kwa nje zinawaka na zinaungana na mashine vizuri, ndiyo maana mtu anaweza kudanganyika. Ila PS5 inazikubali pedi za PS4 kwa gemu za PS4 tu. Ukiweka gemu ya PS5 yenyewe zinakataliwa. Kwenye banda langu wateja wengi wanakuja kucheza mpira, EA Sports FC 26 (wenyewe bado wanaiita FIFA, na sitawabishia). Ninayo ya toleo la PS5. Jumamosi watu wamejaa, nje kuna mvua, ninazo pedi mbili mpya zinazometameta ambazo haziwezi hata kupiga kona. Nilizilipia 180,000 zote mbili.

Vocha ya nyongeza sitaisemea sana. Mnajua kwamba Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi unazoweza kuchagua unapofungua akaunti ya PlayStation, hivyo sisi wengi tuna akaunti za Uingereza, Marekani au Afrika Kusini, na nchi ya akaunti haibadilishwi ukishaifungua. Vocha ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza. Na hata nyongeza zenyewe lazima zilingane na kanda ya CD ya gemu, la sivyo gemu haizitambui. Niliwaandikia akaunti yangu ni ya Uingereza. Mkaleta ya Marekani, 60,000. Haijatumika, namba zake bado zimefunikwa, picha nimeambatanisha.

Hadidiski sidai kitu. Mliniambia gemu za PS5 zitachezwa moja kwa moja kutoka humo, na hilo si sahihi, hadidiski ya USB inaweza kuzihifadhi tu. Ukitaka kucheza unazirudisha ndani ya mashine, au uweke SSD ya M.2, diski ya kasi inayochomekwa ndani ya mashine. Lakini za PS4 zinachezwa humo bila tatizo, nami ninazo nyingi, kwa hiyo nitabaki nayo. Naomba tu mwelekeze wafanyakazi wenu, kwa sababu mwingine atakuja hana gemu za PS4, na hatakuwa na cha kucheza kutoka humo.

Nimeshawasiliana na dawati lenu la huduma. Jibu la kwanza lilikuwa nisubiri. La pili lilikuwa kwamba kwenye risiti pameandikwa «Bidhaa ikishauzwa hairudishwi». La tatu, na hili ndilo lililonifanya niache simu nishike kalamu, ni kwamba nikinunua kwenu PS5 mpya ile nyembamba, kisomea CD nilichonacho kitaingia.

Kuhusu hayo maandishi ya risiti: hayawalindi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi. Mimi sikubadili mawazo baada ya kununua. Niliambiwa kitu, nikalipia hicho nilichoambiwa, kikaja kingine, na kwenye gemu mbili hakikuja kabisa. Tena risiti yenyewe ni ya kuandikwa kwa mkono. Ya EFD, yaani ya mashine ya risiti za kodi, niliiomba nikaahidiwa itakuja na mzigo, haikuja.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie 400,000 za oda mara moja, kwa lipa namba ileile au kwa simu, kwa kuwa hapo hakuna bidhaa ya kurudishiana. Mnirudishie pia 320,000 za kisomea CD, 180,000 za pedi na 60,000 za vocha, jumla yote ikiwa shilingi 960,000. Vifaa nitavipakia kwenye basi kuja Dar siku mtakayothibitisha kwa maandishi, na nauli ya mzigo ni yenu. Kubadilishiwa bidhaa sitaki, isipokuwa pedi: mkiwa na za PS5 halisi, mbili, zenye boksi lake, nitazipokea badala ya fedha, kwa sababu banda linazihitaji kuliko mimi ninavyohitaji kushinda ugomvi.

Na lile tangazo liondoeni. Hadi jana jioni lilikuwa bado lipo, mmebadilisha tu «Desemba 2025» ikawa «Februari 2026». Kuna mtu Makambako au Songea analisoma sasa hivi na anahesabu hela yake. Kama mnataka kupokea oda za gemu zijazo, ni biashara halali, maduka mengi duniani yanafanya. Lakini andikeni tarehe aliyoitaja mtengenezaji, semeni kama ni CD au vocha, ya kanda gani, kwa mashine ipi, na mchukue kianzio badala ya bei nzima. Kwenye kisomea CD andikeni wazi: PS5 nyembamba za dijitali (modeli zinazoanza na CFI-2) na PS5 Pro tu. Maneno hayo yanaenea kwenye kibandiko kimoja.

Nasubiri jibu lenu la maandishi ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Baada ya hapo jalada lote, pamoja na mazungumzo ya Watsapu na picha za tangazo kabla na baada ya kubadilishwa mwezi, nitalipeleka Tume ya Ushindani.

Wako,

Mteja wenu,
Banda la gemu, Mwanjelwa, Mbeya.

Viambatanisho: nakala ya risiti, uthibitisho wa malipo, mazungumzo ya Watsapu, picha za kibandiko cha mashine, kisomea CD, pedi na vocha, picha mbili za tangazo.