Simu zetu na mashimo ya Kolwezi

Mhariri,

Watu wanabishana kutwa kuhusu Marekani na China kana kwamba mambo ya dunia ni ya marais peke yao, wakati simu wanayobishania humo ina betri yenye madini ya kobalti na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, kule Kolwezi wengine wanashuka shimoni na nyundo na tochi ya kichwani basi, hadi watoto. Sasa mtu anabadilisha simu nzima kabisa eti kamera imepitwa, halafu huyohuyo analaani mabeberu! Serikali na makampuni ndo wenye lawama kubwa, sikatai. Ila mnunuzi naye yumo. Betri ikichoka weka nyingine, na simu iliyokufa usiitupe jalalani, wapelekee wanaorejeleza, kobalti yake inatoka tena.

Msomaji wenu