Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria kuhusu familia zinazosubiri kuungana

Mheshimiwa Waziri,

YAH: MSAADA WA KISHERIA KWA FAMILIA ZINAZODHAMINIWA KUHAMIA NJE YA NCHI

Nakuandikia kwa heshima nikiwa msaidizi wa kisheria wa kujitolea hapa Mbagala, wilaya ya Temeke. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ndiyo iliyotutambua, na kazi zetu unazifahamu: ardhi, mirathi, matunzo ya watoto, ndoa zilizovunjika. Lakini kwenye benchi letu wanakaa pia watu ambao tumezoea kuwaambia waende ubalozini. Bibi anayelea wajukuu ambao mama yao yuko Uingereza. Kijana ambaye mkewe amehamia Kanada. Ndugu wa ng'ambo anao mshahara na hati za kuishi, yuko tayari kuwadhamini, na bado ombi la viza ya kuungana linakwama.

Naomba jambo moja. Kazi ya kuandaa nyaraka za familia kama hizi ihesabiwe kuwa msaada wa kisheria, wasaidizi wa kisheria tufundishwe kuifanya, na ofisi zilizo chini ya wizara yako zitupe ushirikiano.

Naweza kujibiwa kwamba viza ni mambo ya nchi nyingine. Uamuzi kweli unatolewa huko, na yapo masharti ambayo sisi hatuna la kuyafanya. Mtu anayetaka kumleta mwenzi wake Uingereza sasa anatakiwa kuonyesha kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, kiwango kilichopanda Aprili 2024 kutoka pauni 18,600. Hilo tuwaachie wenyewe. Ila ushahidi wa nani ni mama wa nani, nani aliolewa na nani, na mtoto yuko chini ya malezi ya nani kisheria, unatoka Temeke, Ilala na Kinondoni, na unaongozwa na sheria zetu.

Chukua suala la mtoto aliyebaki na bibi. Mzazi mmoja akiwa Uingereza na mwingine yuko hai kwingineko, kanuni zao kwa kawaida zinamtaka yule wa Uingereza athibitishe kwamba jukumu la malezi ni lake peke yake. Sasa sikiliza kinachotokea kwetu. Bibi anaombwa barua ya kuunga mkono ombi. Anakwenda steshenari, kijana wa pale anamwandikia kwa adabu zote: mimi ndiye niliyemlea mtoto huyu tangu aachishwe ziwa, namlisha, namsomesha, mama yake hujua maendeleo yake kupitia kwangu. Bibi ameandika kwa upendo, na kwa mila zetu hakuna ubaya, maana mtoto hulelewa na ukoo. Afisa anayesoma barua ile anaona mama aliyekabidhi jukumu lake kwa mtu mwingine. Ombi linakataliwa.

Mwanasheria anayejua eneo hili angemweleza bibi kwamba baraza la rufaa za uhamiaji la huko liliamua mwaka 2006 kuwa kinachoangaliwa ni nani anayetoa maamuzi makubwa ya maisha ya mtoto. Kupika, kufua na kumpeleka shule kila siku kunaweza kufanywa na ndugu bila kumwondolea mama jukumu hilo. Kwa hiyo, kama mama ndiye aliyechagua shule, aliyeamua kuhusu upasuaji na anayepigiwa simu na mwalimu, hayo ndiyo ya kuandikwa, kwa ukweli, pamoja na risiti za ada, jumbe za simu na barua ya mwalimu mkuu. Kama baba alishatoweka, lazima lielezwe kwa ushahidi. Pengine inahitajika amri ya mahakama chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, na Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia tunacho hapahapa Temeke. Hakuna anayemwambia bibi haya mapema. Wanakuja kwetu wameshika barua ya kukataliwa, na mtoto anakaribia miaka 18.

Vyeti vya kuzaliwa navyo vina mambo yake. Kizazi kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 90, na wengi wetu hatukusajiliwa. Cheti kinatafutwa siku safari inapotajwa, kwa hiyo afisa wa viza anapokea cheti cha mtoto wa miaka 14 kilichotolewa mwezi uliopita, anaanza kutilia shaka. Usajili wa kuchelewa ni halali kabisa. Kinachokosekana ni kuuambatanisha na kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rekodi za shule, na maelezo ya RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, kwamba utaratibu huu uko kisheria. Ugumu zaidi ni pale ambapo shangazi au mama mdogo aliandikwa kwenye cheti kuwa ndiye mzazi, kwa sababu dada yake alifariki na hakutaka mtoto ajisikie yatima. Siku familia itakapopimwa vinasaba, huruma ile itasomeka kama udanganyifu. Mambo haya hurekebishwa kwa kufuata taratibu za usajili na za mahakama, kabla ombi halijaandikwa.

Ndoa sitaziongelea sana. Sheria ya Ndoa ya 1971 inazitambua za kimila na za kidini, lakini wanandoa wengi hawana cheti kinachotoka kwa msajili, na waliokaa pamoja miaka miwili wanaamini ile dhana ya ndoa, yaani kuchukuliwa kisheria kuwa mume na mke, inatosha penye fomu ya viza. Mara nyingi haitoshi.

Mahali ambapo msaada wa kisheria haupo, wamekaa madalali wa viza. Mheshimiwa, hawa wananiumiza moyo. Wapo mijini, wapo kwenye magrupu ya simu, wanapokea fedha za watu waliouza kiwanja. Wanawauzia njia zilizofungwa: mfanyakazi aliyepata viza ya kutunza wazee Uingereza kwa ombi la tarehe 11 Machi 2024 au baada yake hawezi kuleta mwenzi na watoto kwa viza hiyo, lakini fedha za kuwaandaa wategemezi wake zinapokelewa vilevile. Ushauri mwingine unaharibu kabisa. Mtu anayehamia Kanada ana mtoto wa nje ya ndoa, anaona aibu kumtaja, na dalali anamtia moyo: usimwandike, atakucheleweshea ombi. Kanuni za Kanada zinasema mwanafamilia ambaye hakutajwa na hakuchunguzwa wakati wa ombi la kwanza hawezi kudhaminiwa baadaye. Mwaka 2019 walilegeza kwa baadhi ya watu tu. Na anayekutwa amedanganya anaweza kuzuiwa miaka 5. Mtoto ndiye anayelipia aibu ya wakubwa.

Uingereza ina sheria tangu mwaka 1999 inayokataza mtu asiyesajiliwa kutoa ushauri wa uhamiaji kama kazi, lakini haimfikii dalali aliyekaa Kariakoo. Huyo ni wetu kumdhibiti. Naomba wizara yako ianzishe utaratibu wa kumsajili kila anayetoza fedha kwa ushauri wa aina hii na kumtaka aandike makubaliano na risiti.

Wapo watakaouliza kwa nini serikali igharamie wanaoondoka. Anayeuliza hivyo akumbuke kwamba wengi tunaowazungumzia ni watoto. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara ya 10 inataka maombi ya watoto kuungana na wazazi wao yashughulikiwe kwa utu na bila kuchelewa. Sheria yetu ya Mtoto nayo inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake. Na gharama yenyewe si ya kutisha. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza 2023, tayari inawafikisha wanasheria kwa wananchi; iongezewe mada hii. RITA iteue afisa katika kila wilaya ya Dar es Salaam wa kushughulikia usajili wa kuchelewa unaohitajika kwa maombi ya familia. Chama cha Mawakili Tanganyika kiombwe kutufundisha sisi wa ngazi ya mtaa. Kuhusu mahakama, najua ni mhimili unaojitegemea, ila unaweza kuzungumza nao kuhusu kuharakisha mashauri ya malezi ambapo umri wa mtoto unakimbia.

Kama wizara itapenda kuanza na eneo moja la majaribio, naomba liwe Temeke. Wasaidizi wa kisheria tupo, kituo cha familia kipo, na wenye shida wanatufikia kila wiki. Tunachohitaji kwanza ni mwongozo ulioandikwa na wizara yako, kwa Kiswahili, unaotuambia nyaraka gani ziandaliwe na kwa utaratibu upi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msaidizi wa kisheria,
Mbagala, Dar es Salaam